Mutanu na Sanduku Lisilozimwa

Mutanu wa Lindi, kitongoji cha Kibera jijini Nairobi, hakuwa mtu wa kuamini kitu eti kwa sababu kina sura nzuri. Akinunua mayai, aliyatumbukiza kwenye maji palepale dukani, mwenye duka akitazama. Akiagiza stuli, aliikalia, akainuka, akaikalia tena kwa upande mmoja, kisha akaitingisha. Kuna fundi aliyechoka siku moja akamwambia, "Mama, hii ni stuli, si mchumba." Mutanu akamjibu bila kumtazama, "Mchumba nilimpima haraka haraka. Unaona nimekuja hapa na nani?" Fundi akaongeza msumari.

Ndiyo maana majirani walimwita Mama Testi, na yeye jina hilo hakulikataa. Alitoka Machakos akiwa msichana aliyejua kupiga taipu kwa vidole vyote kumi, akamfanyia kazi wakili mmoja wa mjini miaka kumi na miwili. Wakili alipofunga ofisi, Mutanu akafungua yake: chumba cha mabati, meza moja, kompyuta moja. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, kadi za harambee na ratiba za mazishi. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na watu wa ofisi fulani, na ukiipa barua ya kurasa mbili ilianza kuhema. Ungeweza kwenda kununua maziwa, ukarudi, ukaikuta bado inafikiria.

Aliyemtoa kwenye shida hiyo ni Thuo, mtu mpole mwenye saiba, duka la intaneti, huko Kawangware. Thuo alimweleza kwamba kuna mfumo unaoitwa Linux, haununuliwi, na kwamba kuna watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakiunda Linux nyepesi mno, ya kuendesha kompyuta zilizokwisha kukata tamaa. Kazi yao haikuwa imekamilika. Walikuwa wakiitoa kipande kwa kipande, kila toleo na nambari yake, na walihitaji wenye kompyuta mbovu waitumie na kuwaambia ina makosa gani.

"Wanatafuta mtu wa kulalamika," Thuo alisema. "Nikakukumbuka."

Mutanu alilipokea jukumu hilo kama aliyeteuliwa na serikali. Alinunua daftari la jalada gumu, akaandika makosa moja baada ya jingine kwa wino mwekundu: mshale wa kipanya unatoroka, sauti inatoka bila kuitwa, kompyuta haioni disketi kabisa. Kila juma Thuo aliyatuma kwa mtandao, na majibu yakarudi kutoka kwa watu ambao Mutanu hakuwahi kuwaona. Jamaa mmoja wa Brazili aliandika kwamba mama huyo wa Nairobi anafaa kulipwa mshahara. Mutanu alimwomba Thuo amchapishie maneno hayo, akayabandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

Toleo la 0.3 alilichukua Kawangware siku mbili kabla ya kura za Desemba 2007. Hakupata nafasi ya kulijaribu. Kura zilipigwa, matokeo yakatangazwa, na Kibera ikawaka. Alijifungia ndani siku nyingi akinywa chai kavu na kusikiliza mabati ya watu yakipigwa mawe. Aliogopa sana, na hakuona aibu kusema hivyo. Watu waliokuwa wakisalimiana mlango kwa mlango walianza kuulizana kwao ni wapi. Mwanzoni Wakamba kama yeye waliachwa nje ya ugomvi huo, lakini Januari ilipofika katikati hata wao walianza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mutanu alikuwa akitembea akiwa ameshika kitambulisho mkononi, na hakujua kama kitambulisho kitamwokoa au kitamponza.

Hapo ndipo kamati ya kanisa ilipoletewa habari njema. Lori la unga lingefika Alhamisi. Dereva alikataa katakata kuingia Lindi, angesimama nje ya lango la Nyayo Highrise, mtaa wa maghorofa wa jirani, hadi saa saba mchana. Sharti lilikuwa moja: orodha ya nyumba zote zenye njaa, jina la mwenye nyumba na idadi ya watu. Pasipo orodha, lori lingeendelea hadi Kawangware, ambako nako watu hawakuwa wameshiba.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mzito wa maneno aitwaye Kathini, alitoa daftari la shule akaliweka mezani. Mutanu akalisukuma kando.

"Daftari ndilo huleta fitina," alisema. "Jina linaingia mara mbili, mwingine anafutwa na chai. Mimi nitaandika kwa kompyuta. Itapanga majina yenyewe, hakuna wa kulalamika amependelewa."

"Na ikiharibika?"

"Mimi naweza kutumia kitu kitaharibika?"

Kathini akarudisha daftari mkobani. Siku ya Jumanne watu walipiga foleni kuanzia mlangoni kwa Mutanu hadi kwenye bomba la maji. Aliweka toleo la 0.3, na toleo likamfurahisha kweli. Lilikuwa jepesi, halikuhema, halikukwama. Kila alipomaliza majina kumi alibonyeza mahali pa kuhifadhi, na kompyuta ikamjibu kwa adabu kwamba imehifadhi. Jumatano jioni alikuwa na nyumba mia moja na kumi na nane.

Sasa hapa ndipo ilipo aibu ya mpimaji. Mutanu alijaribu kila kitu katika toleo lile isipokuwa kimoja: hakuizima kompyuta akaiwasha tena aone kama kilichohifadhiwa kipo. Usimlaumu upesi. Lindi, stima ikiwepo, hakuna mtu mwenye akili zake anayezima kitu. Unajuaje kama itarudi? Redio inaachwa ikiongea na kuta, simu za ploti nzima zinachajiwa, pasi inawekwa hata kama hakuna nguo. Yeye aliiacha kompyuta iwake usiku kucha, imeunganishwa na betri ya gari kupitia inverta, ili stima ikipotea mashine isihisi. Alhamisi asubuhi stima ilipotea kweli, na mashine haikuhisi.

Saa nne na nusu, alipokuwa akiwaza namna ya kufikisha orodha kwenye printa, simu ikalia. Alikuwa Thuo.

"Mutanu, umezima hiyo mashine?"

"Niaje kwanza."

"Poa. Umezima?"

"Sijazima. Kwani nini?"

"Usizime! Yule msee wa Brazil ameandika. Hiyo 0.3 hai-save kitu. Kila kitu kiko kwa memory tu, ikizimwa inaenda yote."

"Lakini imeniambia ime-save. Imeniambia mara kumi na mbili!"

"Inasema tu. Hawajamaliza hiyo sehemu."

"Hawajamaliza!" Mutanu alipiga kelele. "Sasa mtu anaweka mlango wa choo kabla ya kuchimba shimo? Ngoja. Nitaweka kwa disketi."

"Haioni disketi."

"Nani amesema?"

"Wewe. Uliripoti mwezi wa kumi na moja."

Mutanu aliketi. Taa ndogo ya inverta ilikuwa imeacha kuwa kijani, sasa ilikuwa ya manjano. Aliwaona watu wa foleni wote kichwani: wazee waliojitaja majina matatu matatu, akina mama waliohesabu watoto kwa vidole. Kesho wangemuuliza yeye, si Mbrazili.

Thuo, ambaye njia ya kutoka Kawangware ilikuwa imefungwa, alifikiri kwa sauti hadi kredo ya simu ikakaribia kumwishia. Skrini ndiyo inayokula betri, alisema. Ing'oe skrini, ubaki na kasha peke yake, litakwenda saa nzima, pengine na zaidi. Pale Nyayo Highrise kuna Valary, mwenye duka la kupiga chapa. Ana stima, ana skrini, ana printa. "Peleka kasha likiwa linawaka," akasema, na simu ikakatika.

Ndivyo ilivyotokea kwamba saa tano ya siku hiyo, Nalianya muuza maji, mtu wa Bungoma mwenye mkokoteni na maswali mengi, aliteremsha mitungi yake na kupakia godoro la Mutanu, juu ya godoro betri ya gari, pembeni inverta, na katikati kasha la kompyuta likinguruma. Mutanu alitembea kando yake akilishika kwa mikono miwili.

"Hii ikizimika inafanyika nini?" Nalianya aliuliza.

"Wenye nyumba mia moja na kumi na nane wanakosa unga."

"Wako ndani?"

"Majina yao."

"Na mimi niko?"

"Uko. Wewe na watu wanne. Angalia shimo!"

Nalianya alilikwepa shimo kwa heshima kubwa, maana sasa alikuwa anajisukuma mwenyewe. Mkokoteni ambao kwa kawaida uliruka mawe kwa fujo ulikwenda polepole kuliko harusi. Watu walitoka milangoni kutazama. Mzee mmoja akavua kofia, akidhani ni maiti.

Walifika kizuizini. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe, benchi la hoteli na tairi mbili, na juu ya benchi alikuwa ameketi Okello, ambaye siku za amani alikuwa refa wa mpira, na ambaye hata sasa hakuwa ameiacha filimbi. Kando yake vijana sita hivi, na kando ya vijana Sella, muuza mandazi, aliyehamishia karai lake pale kwa sababu kwenye kizuizi ndiko kulikokuwa na wateja. Sella alikuwa na mdomo. Tangu matokeo yatangazwe, hakuna aliyewasema "wale", yaani Wakikuyu, kwa sauti kubwa kumshinda. Mutanu alipomwona alizidi kulikumbatia kasha.

Filimbi ikalia. "Oya! Simamisha hiyo mkoko. Hiyo kitu inanguruma ni nini?"

"Kompyuta," alisema Nalianya.

"Kompyuta gani haina screen? Na hizi waya? Na betri?" Okello alishuka benchini. Vijana nao walirudi nyuma hatua mbili, halafu wakaona haya, wakarudi mbele hatua moja.

"Okello, ni mimi, Mama Testi," alisema Mutanu. "Hiyo ni orodha ya unga. Napeleka Highrise kwa Valary iprintiwe. Lori linaondoka saa saba."

"Tuonyeshe hiyo orodha."

"Haionekani bila screen."

"Kwa hivyo ni orodha yenye haionekani, iko kwa box inanguruma, na iko na betri." Vijana walicheka. Okello hakucheka. "Mimi nakujua, mama. Lakini kitu siijui haipiti hapa ikinguruma. Ikinyamaza, pita."

"Usiizime! Tafadhali. Ukizima hiyo, umemaliza watu."

Alipaswa kuchagua maneno mengine. Okello alisikia "umemaliza watu", akaona waya, akaona betri, na akafanya alichodhani ni ushujaa: alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe.

Kasha likanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Mutanu alisikia kimya chake. Aliketi kwenye ukingo wa godoro, akajifunika uso na leso, akalia mbele ya watu wote, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Alijililia yeye na ujinga wake, na mwezi mzima wa kushika kitambulisho.

"Sasa nimefanya nini?" Okello aliuliza, akiwa bado ameunyoosha mkono.

Nalianya ndiye aliyejibu. "Umetuzima. Mimi na watu wanne. Na mamako alikuwa ndani, nilimwona kwa foleni."

"Mamangu?"

"Namba sitini na mbili," alisema Mutanu ndani ya leso. "Nilimwandika mwenyewe. Akaniambia nisisahau kuwa wewe unakula sana."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa kweli. Okello aliibonyeza kompyuta tena, na tena, kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Ilinguruma upya, lakini haina jina hata moja ndani yake.

Sella alifuta mikono yenye unga kwenye kanga. "Nauliza tu," akasema. "Kwa nini hamkuandika na biro?"

Mutanu alishusha leso. Alimtazama Sella. Akamtazama Nalianya, ambaye alitazama gurudumu. Nyumbani kwake, kwenye droo ya meza ile ile iliyokuwa na kompyuta, alikuwa na biro kumi na saba, na saa nne na nusu skrini ilikuwa bado inawaka na majina yote yanasomeka. Thuo alikuja kukiri baadaye kwamba hata yeye, na masomo yake yote, biro haikumjia akilini. Lakini wakati ule hakukuwa na Thuo wa kushirikiana naye aibu. Mutanu akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka, na Nalianya akacheka, na mwishowe hata vijana wa kizuizi.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita kasoro dakika kumi."

"Leteni karatasi."

Karatasi haikuwepo. Sella alipasua katoni ya mafuta ya kupikia akaitandaza juu ya godoro. Biro ilitoka kwenye soksi ya Okello, ile aliyokuwa akiandikia majina ya wachezaji waliopewa kadi. Mutanu aliandika aliyoyakumbuka, na hayakufika arobaini. Basi Okello akapiga filimbi. Watu wakatoka kwenye vichochoro, wengine wakidhani polisi wamekuja, na Okello akatangaza kwamba kila mtu ataje nyumba yake, kisha ataje jirani yake wa kulia na wa kushoto.

Ikawa hivyo. Walianza kwa kusitasita. Mtu alitaja nyumba yake, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Na huyo Wayua, yule Mkamba, ana watoto wanne." Mwingine akamsahihisha: watano, mkubwa amerudi kutoka Kitui. Mwingine akasema msimsahau Mzee Kavoi, yeye hatoki nje kwa sababu ya mguu. Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu mwaka mpya walibishana sasa kuhusu idadi ya vinywa katika nyumba ya fulani, na walijua kila kitu: nani analala na shemeji, nani amezaa Krismasi. Mutanu aliandika mpaka kidole kikauma. Hakuna kompyuta iliyowahi kumpa data haraka namna ile.

Walipofika mia moja na kumi na saba, watu walikuwa wamepungua. Okello alikuwa amekwenda kuondoa tairi njiani. Sella alikuja na andazi moja kwenye kipande cha gazeti, akamwinamia Mutanu sikioni.

"Andika yangu. Sella. Watu wanane."

"Sella, Jumatano ulisema watano."

"Jumatano foleni ilikuwa na masikio. Andika nane."

Mutanu alimtazama usoni. Akaelewa. Mlango wa pili kutoka kwa Sella ulikuwa wa mama mmoja Mkikuyu, muuza mboga, mwenye watoto wawili. Ulikuwa na kufuli tangu siku ya matokeo, na Lindi nzima iliamini kwamba mama huyo alikimbilia Kawangware. Huyu Sella, aliyewatukana "wale" kila asubuhi kwa sauti ya kufika relini, alikuwa akitukana ili mtu yeyote asifikirie kuchungulia nyuma ya pazia lake. Biro ilisimama hewani, jina la Sella limeshaandikwa, namba bado.

"Yangu mmefika?" Okello alikuwa amerudi, amesimama nyuma yao, anasoma katoni. "Hapa kwa Sella mbona hakuna namba?"

Sella alishika mwiko. Mafuta yalitokota karaini na hakuna aliyeyageuza mandazi. Mutanu alijaribu kufikiria uongo wa haraka, lakini uongo wote aliokuwa nao ulikuwa wa kompyuta.

Okello alikohoa. Alitazama upande wa mawe aliyoyapanga mwenyewe.

"Ni nane," akasema, kwa sauti ndogo isiyo ya refa. "Sella, huyo mtoto mdogo wa mama mboga, bado kifua kinamsumbua? Usiku nikipita huwa namsikia."

Sella alifuta tena mikono kwenye kanga. "Amepata nafuu," akasema.

Mutanu aliandika nane. Lori walilikuta bado liko, dereva ameshawasha injini, na mtu wa kugawa unga aliipokea ile katoni yenye madoa ya mafuta, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza kama hakuna kompyuta Lindi nzima. Mutanu alimwambia ipo, ila imeomba ruhusa ya kupumzika. Magunia yakashushwa, vijana wa kizuizi wakayabeba, kila mmoja na ploti yake.

Unga wa nyumba ya Sella aliubeba Okello mwenyewe, begani. Mutanu, aliyekuwa nyuma yake na kasha lake lililonyamaza, alimwona akifika kwenye mlango wa Sella, akiuweka mzigo chini taratibu. Alibisha mara moja. Kisha akageuka na kwenda zake haraka haraka, kabla mlango haujafunguliwa, asije akaona ni nani anafungua.